Mke wangu anaitafuta sauti iliyo kwenye mchezo wa mtoto wetu

Mama Goreth mpendwa, nisaidie, maana mke wangu anamtafuta mtu Joburg nzima na mtu huyo ni mimi, na kila jioni ananieleza amefika wapi katika kumtafuta, nami natikisa kichwa na kumwambia pole.

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Observatory, na Jumamosi ni MC wa harusi zetu za Wakongomani, sauti Mungu kanipa. Tuna mtoto mmoja, Elisée, kazaliwa hapa, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na kitu pekee kinachotuweka kwenye kochi moja ni ule mchezo wa vita wa kwenye televisheni wanaouita Operesheni. Tumeufuata tangu matoleo ya zamani ya diski, maadui wakiwa Wajerumani wa vita vya babu zetu, baadaye wakawa watu wa jangwani, baadaye mashine za miaka ijayo, mpaka toleo moja wakaweka wanamgambo Waafrika waliokuwa wakipiga kelele zisizo za lugha yoyote duniani, mimi na Elisée tukacheka mpaka machozi. Basi mwaka jana iliposemekana toleo jipya litapiganwa msituni, kando ya ziwa, kwetu kabisa, na studio moja ya Randburg ikatafuta watu wa kusema Kiswahili, nilikwenda mbio. Nilitaka siku moja Elisée amsikie adui anapiga kelele, halafu nimwambie, huyo ni baba yako. Walinikataza kusema lolote mpaka mchezo utoke, kwa hiyo nyumbani nikasema nina harusi, na rafiki yangu Firmin, anayepiga video za harusi, akanipeleka kwa gari lake.

Nilisoma maneno yote waliyoandika. Mwishoni msimamizi akaniambia kuna nafasi imebaki, nipige kelele yoyote ambayo mtu wa namna ile angepiga kwenye bariere, pale wanapozuia njia na bunduki, na akasema anataka kitu cha kutisha kweli. Nikajaribu hiki na kile, hakuridhika. Hapo, Mama, ndipo nilipofanya jambo ambalo hata kuliandika mkono unakataa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu Thérèse aliniambia maneno ambayo mtu mwenye bunduki alimwambia kaka yake Placide, barabara ya kwenda Fizi kule kwetu Kongo, kabla ya kumwingiza porini asionekane tena. Thérèse alikuwa msichana mdogo, amesimama nyuma ya Placide ameshika shati lake. Hajamwambia mwingine yeyote, hata mama yake, na Elisée hajui kama aliwahi kuwa na mjomba. Nami nikayachukua maneno yale nikayapiga kwa sauti yangu yote ya harusi. [Hapa nimefuta sentensi. – Mama G.] Msimamizi akasimama akapiga makofi, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mchezo umetoka, na maneno yale yamekuwa utani wa watoto. Jumapili moja baada ya ibada walikuwa wakikimbizana uwanjani, watoto wetu ambao hawajui hata kuomba maji kwa Kiswahili, na wote wakiyapiga kelele maneno yale, Thérèse akaangusha sahani za kanisa. Akamshika Elisée amwonyeshe yametoka wapi. Kwenye mchezo sauti wameipitisha mitamboni ikawa nzito na ya kukwaruza, hakunitambua. Alinijia pale kwenye cherehani. "Papa Elisée, ule mutu eko hapa. Eko muzima, eko hapa Joburg. Nani mwengine anaweza jua ile maneno?"

Sasa hapandi teksi peke yake. Anazunguka saluni za Yeoville akiuliza nani aliitwa studio, na amekwisha kusikia kwamba Firmin anajua. Jumapili hii anakwenda kwake. Na studio wamenipigia tena, toleo lijalo wanataka niwe kamanda, hadithi nzima, tena nisaini sauti yangu ihifadhiwe ili mashine iweze kuisemesha hata nisiyoyasema. Naona haya hata kula chakula anachonipikia. Je, nimwombe Firmin anyamaze mpaka jambo hili lipoe, au niseme nivunje nyumba yangu?

Mwenye Aibu, Observatory


Baba Mwenye Aibu,

Nimesoma barua yako chai ikanipoa. Nakuonea huruma, sikufichi. Mzazi wa hapa anayemtafuta mtoto wake kwa kila mlango namjua, wangu mwenyewe ananijibu Kizulu. Lakini mlango ulioufungua wewe ni wa mkeo, na ufunguo alikupa uutunze.

Unaniuliza kama Firmin anyamaze. Hapana! Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumapili. Tena aibu yako umenisimulia barua nzima, hofu ya mkeo ukaipa mstari mmoja. Mwanamke anadhani mtu aliyemchukua kaka yake anaweza kukaa naye teksi moja! Kila siku unayonyamaza unamrudisha barabara ile ya Fizi, halafu unamwambia pole. Pole ya nini? Dawa unayo mfukoni na unamtazama mgonjwa.

Mwambie leo. Mtoto asiwepo. Usinunue kitenge, usimlete mchungaji akusemee. Anza hivi: "Yule mtu hayupo. Ile sauti ni yangu." Mengine yafuate. Habari za kutaka kumfurahisha Elisée usizitangulize, atakuuliza mwenyewe akitaka. Akikufukuza ukalale kwa Firmin, nenda, na kesho yake urudi. Nyumba itavunjika? Sijui, baba, na sitakudanganya. Ila akiyasikia kwa Firmin, hapo najua.

Studio uwajibu hapana, ukamanda na hiyo saini. Sauti itakayosema usiyoyasema! Umeona iliyosema uliyoyasema imekufikisha wapi. Kisha uwaandikie wayatoe maneno yale. Zamani diski ikishatoka imetoka, lakini siku hizi, mwanangu ananieleza, mchezo unarekebishwa kwa mtandao kila mara, hata bunduki ikilalamikiwa kwamba ina nguvu mno inapunguzwa. Basi na sentensi moja wataiweza. Habari za Placide usiwape, waambie tu ni maneno ya mtu mwingine na hukuwa na ruhusa. Wakikataa, waandikie tena.

Sentensi yenyewe nimeifuta kwenye barua yako. Uliiandika yote, baba, hata kwangu mimi nisiyekujua! Bado hujaelewa ni ya nani.

Kuhusu mwanao. Ameyakariri maneno ya mtu aliyemchukua mjomba wake, na jina la mjomba halijui. Mama yake akikubali, na akikubali tu, yeye ndiye atakayemsimulia. Siku hiyo, wewe mwenye sauti, kaa kando unyamaze.

Jibu hili nakutumia kwa simu kwanza, kwa sababu mke hapaswi kukutana na mambo ya nyumba yake kwenye gazeti hili linalosomwa saluni. Haliendi mtamboni mpaka yeye mwenyewe aniambie ndiyo.

Mama Goreth


Kwa wasomaji: Majina ya familia hii nimeyabadilisha, isipokuwa moja. Mama wa nyumba alinipigia simu mwenyewe wiki iliyopita. Ameruhusu barua ichapwe, ila ameomba jina la kaka yake libaki kama lilivyo. – M.G.