Msije Kabla Barafu Haijayeyuka

Mume wangu Baba Akinyi,

Nakusalimu kutoka huku Norwei kwenye baridi. Mko wazima hapo Lambwe? Kifua cha mama kimepoa? Redio ya huku haisemi lolote juu yetu, kwa hiyo sijui kama mvua imegusa mahindi, wala kama yale magugu bado yamefunga ziwa pale Homa Bay. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo maana mwandiko unayumba hivi. Usidhani ni kalamu.

Ni habari ya safari yenu. Unajua nilivyoipanga: mje Aprili shule zikifungwa, niwapeleke milimani kwa kina Solveig, yule muuguzi ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Wana nyumba ya mbao kando ya ziwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuandikia kwamba ziwa lile huganda, watu wakatembea juu yake. Jumamosi nikamwomba Solveig anipeleke nipaone kwanza, nijue mtalala wapi na Akinyi atachezea wapi.

Tulifika mchana, jua linawaka juu ya theluji hadi macho yanauma. Ni pazuri, Baba Akinyi, sikukudanganya. Solveig alitangulia kwenye barafu, akarukaruka kunionyesha.

"Njoo! Hata lori lingepita hapa."

Nikamfuata. Mimi msichana wa Ntimaru, niliyeogopa hata boti ya kwenda Mbita kwa shangazi yako, nikatembea juu ya ziwa nikicheka.

Karibu na mahali mto unapoingia, nikasikia mlio kama wa kuni kavu zikipasuliwa. Nikatazama chini, nikaona mstari unakimbia kati ya miguu yangu. Kabla sijapiga kelele nilikuwa majini hadi kifuani. Maji yale yanachoma kama moto. Pumzi ilikatika, mwanzoni nikawa nafungua mdomo tu. Kila nilipoegemeza mikono, barafu ilivunjika.

"Usipande kwa nguvu! Piga miguu nyuma, kama unaogelea!"

Solveig alilala kifudifudi akanitupia skafu yake. Mara ya kwanza ilinitoka, vidole havikushika. Alipoirusha tena nikaizungusha mkononi na kuiuma kwa meno. Akanivuta polepole, tukatambaa hadi nchi kavu bila kuthubutu kuinuka.

Ndani ya nyumba alinivua nguo, akanifunika mablanketi, halafu akakaa sakafuni akalia. "Nimetembea pale tangu utotoni, Robi. Sijui nilikosea wapi."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniingiza hofu ambayo haijatoka. Kama mwenyeji hakujua, wewe utajua? Nawe nakufahamu, mtoto wa ziwa, hakuna maji unayoyaogopa. Na Akinyi! Umeniandikia kwamba amewatangazia wenzake wa Sunday school atatembea juu ya maji kama Petro. Tafadhali mkumbushe kwamba Petro alizama. Nikifumba macho namwona mbele yangu na lile koti jekundu nililomnunulia, anakimbia, namwita, hasikii. Hata beseni la kuogea siku hizi nalijaza kidogo tu.

Basi jana nilienda kwa wakala wa tiketi, nikaisogeza safari hadi Agosti, bila kukuuliza. Najua umeshaomba likizo, na mkubwa wako kazini kwenye mitego ya mbung'o hatafurahi. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini usirudishe Aprili. Agosti maji ya huku ni maji, mtu anayaona na kuyaheshimu.

Nisalimie mama, ila hapo pa kuzama usimsomee. Mwambie nina mafua. Msalimie dada yako Awino anayemsuka Akinyi, na kaka yangu Chacha akishuka Migori sokoni. Akinyi mbusu mashavu yote mawili.

Limebaki jambo moja ambalo naona haya kuliandika. Tangu tuoane sijawahi kukutaja kwa jina. Kwetu mke hamtaji mumewe. Mle majini sikuita Baba Akinyi. Niliita Odhiambo. Niliita hadi sauti ikakauka, kana kwamba uko kwenye mti wa karibu unakata kuni na ungekuja mbio.

Ni mimi mkeo, ninayetetemeka bado,
Robi