Fundi Simai Ubwa: Mwaka Mmoja Tangu Jukwaa la Malindi

Mwaka umetimia, Simai, tangu utoke nyumbani Mikunguni na kikapu chako cha zana, ukarudishwa umefunikwa shuka.

Ulipiga lipu ya chokaa Mji Mkongwe kwa miaka thelathini na moja. Ukitoka kazini humgusi mtoto mpaka uoge, chokaa isije ikamwingia machoni. Na hasira zako zilikuwa za dakika tano. Ya sita unacheka. Mkeo Mwatima mpaka leo hujisahau akatia vikombe viwili vya chai.

Jukwaa lile la miti, ulilopandia kazi pale mtaa wa Malindi, lilifungwa mvuani. Kamba ya usumba wa nazi ikiloa hukaza, ikikauka hulegea, na hakuna fundi asiyelijua hilo. Likawaka jua siku nne, msimamizi anahimiza kazi iishe kabla ya Ramadhani, na kamba hazikukazwa upya. Nawe siku hiyo ulichelewa, ulikwenda kwanza kumzika jirani, ukaja mbio, ukapanda bila ya kukagua, likaporomoka nawe. Sisi jamaa zako tunalisema kwa kuwa hata wewe usingelificha.

Siku ya hitma alikuja Mabrouk, mtu mzima mwenye watoto watatu, uliyemfundisha kazi tangu kuchanganya chokaa. Mwatima yumo edani, wakazungumza pazia katikati.

"Bi Mwatima, fundo nliliona limelegea. Nliona haya kumwambia mwalimu wangu."

Wazee wakamtuliza: ajali haina kinga. Mwatima akawakatiza, na si kawaida yake.

"Hii ilikuwa na kinga. Haya yako, Mabrouk, imeniulia mume. Isimuulie mwanamke mwengine."

Alipotoka eda akawa haachi kwenda kwenye majengo yanayotengenezwa. Kila Jumamosi huenda akauliza nani kakaza kamba, na lini. Waliomcheka walicheka. Msimamizi mmoja akamwambia kazi za wanaume hazimhusu.

"Maiti zao tunaletewa sisi," alimjibu, na akakaa pale pale mpaka kamba zikakazwa.

Uchungu tunao, Simai, tusikudanganye. Lakini hatukuwa tayari uwe mtu wa kuombewa dua tu, kisha kesho apandishwe mwengine kwenye kamba zile zile.

Jumatatu iliyopita, kwenye nyumba moja ya Kiponda, fundi mkongwe kuliko wote alishatia mguu juu ya jukwaa. Mabrouk akaliona fundo. Akamshika mkono mbele ya watu.

"Shikamoo, mzee. Shuka."

Mzee alinuna, akamwita mtovu wa adabu, akashuka. Boriti ya jukwaa ilipotikiswa ikachomoka. Jioni ile mzee alikula na watu wake.

Unakumbukwa na mkeo Mwatima, wanao Tahiya na Anwar, dada yako Wanu wa Chwaka, na Mabrouk, ambaye sasa ni wetu.

Mola akurehemu. Kukusahau hatuwezi, na kunyamaza hatutaki tena.