Adabu za Shemeji Masalu

Sesi uko wapi?? Masalu katuaibisha leo, siamini mpaka sasa 😭

Si unaijua ile pikipiki ya matairi manne ya bosi wake wa machimboni? Kaja nayo hapa Segese, fundi Marwa ambadilishie mafuta ya breki, njiani karibu na kwetu. Masalu alipewa kazi moja tu: abane breki na aishikilie mpaka Marwa afunge nati, upepo usiingie kwenye mafuta, maana ukiingia breki hazishiki.

Kushikilia tu, Sesi. KUSHIKILIA.

Sasa Jumamosi si kwao wanaleta mahari ya dada Limi? Basi shemeji anataka mtaa mzima umwone ana heshima. Kila mzee akipita, anaachia breki, anainama, anatoa mikono miwili: "Shikamoo baba!" Marwa huko chini anafoka, "Nimesema usiachie, upepo unaingia!" Anajibiwa, "Fundi, nisisalimie wakubwa kwa ajili ya breki?"

Wazee wanamsifia huyo!

Marwa akataka warudie kazi yote. Masalu kagoma, "Inatosha," kawasha, kashuka mteremko wa kwetu. Anabana breki, hamna kitu. Anabana tena, HAMNA KITU! Kapita juu ya michembe ya mama, vile viazi alivyokata na kuanika, kuku wanaruka, kaenda kusimamia kwenye mihogo. Hana hata mchubuko.

Baba alikuwa kakaa kibarazani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikajua ataulizia breki.

"Nelly, huyo ndiye mnayemsifia adabu? Kanipita hapa, hata shikamoo hakunipa."