Nusu ya Neno Nawaachia Wao

Jumatatu, 3 Machi

Somo langu la kwanza la mazoezi, kwenye kozi ya cheti cha ualimu hapa kituoni. Aibu! Kiingereza nimekifundisha nyumbani mpaka mvi zikaota, leo ugenini nimeonekana mgonjwa.

Niliinua picha ya meza. Nikasema, kwa Kiingereza changu kitamu (hapa natafsiri): "Hii ni me…?" Nikangoja darasa limalizie, kama kwetu. Kwetu ungesikia "ZA!" mpaka bati linatikisika. Wanafunzi wenyewe, watu wazima waliohamia huku, wakanitazama tu. Nikarudia: "Me…?" Mmoja wao, mpishi wa hospitali, pande la mtu, akainuka taratibu akaniletea maji. Alidhani neno limenipotea, maskini mzee wa watu!

Mkufunzi wetu namwita Bi Subiri—umri wake na binti yangu ni mmoja. Kaniambia nusu neno si swali. Uliza swali zima, kisha nyamaza, subiri. Mimi ninyamaze! Bora angesema nisipumue.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeuliza swali zima. Nikanyamaza. Kimya kikaja, kikakaa, kikavua viatu. Nikashindwa—nikajijibu mwenyewe. Tena nikajisifu: "Vizuri sana!" Mpishi akanipigia makofi. Bi Subiri hakupiga.

Amesema somo la Ijumaa ya wiki ijayo ndilo la mwisho. Nikifaulu, darasa la jioni hapo kituoni ni langu, na mshahara wake. Nikifeli, anapewa mwingine. Hakuna kurudia.

Jumamosi, 8 Machi

Niseme ukweli, kwani nani anasoma? Cheti sikitaki. Nataka mshahara, nipange chumba changu. Nilikuja kumwona mjukuu, nikaganda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe—mimi wamenipa sofa! Na mkwe wangu ana adabu ya kuua mtu. Mbele ya baba wa mkewe hanyooshi miguu, hatazami mpira, hapigi hata miayo. Asubuhi nimemkuta anakunywa chai nje kwenye ngazi, kavaa koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona huku?"

"Napunga upepo, baba."

Upepo gani, na mvua ile!

Nikamweleza binti. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti na wewe baba, akirudi kazini unajificha bafuni, nyumba yenyewe kiganja, mnakimbiana mwende wapi? Halafu akaacha kucheka. Akasema mumewe amechoka, ila hatasema mpaka anaingia kaburini.

Jumanne, 11 Machi

Binti ametukalisha mezani kwa nguvu. Mkwe awe mwanafunzi, mimi niulize, nisubiri. Haya. Nikamuuliza kwa Kiingereza: hapa nyumbani, unapenda kitu gani zaidi? Nikauma ulimi. Mkwe akakitazama kitambaa cha meza. Mimi nikayatazama maua ya kitambaa, moja moja. Mwishowe akajibu, polepole:

"Sofa."

Binti akakimbilia jikoni. Tukamsikia akichekea sufuria. Nikamwambia mkwe, "Vizuri sana"—na safari hii nilimaanisha.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho ndilo somo la mwisho. Mkwe kanipigia shati pasi bila kuombwa. Ni heshima hii, au ananisindikiza?

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa koridoni, daftari gotini.

Somo lilianza vizuri mno! Niliuliza, nikanyamaza, nao wakaongea. Mama wa mapacha alisimulia wanawe walivyomfungia nje ya nyumba, darasa likaangua kicheko. Bi Subiri naye akatabasamu. Basi, kichwa kikanivimba. Nikainua picha ya mwisho, ulimi ukanitoroka ukarudi kwao:

"Na hapa wanakwenda so…?"

"KONI!"

Darasa zima! Madirisha yakatetemeka. Mpishi alisimama kabisa, akaninong'oneza: "Usijali, mwalimu. Ukisahau, sisi tupo." Kumbe walikuwa wamepanga—kwa huruma!—mzee asiaibike tena.

Bi Subiri akaweka kalamu chini. Akaniomba nitoke, anataka kuongea na wanafunzi peke yao.

Mlango haujafungwa vizuri. Namsikia akiwauliza: mwalimu wenu mnamwonaje? Kisha amenyamaza. Anasubiri, yeye ndiye mwenye dawa hiyo. Na wao kimya! Watu waliotaka kupasua madirisha sasa hivi! Simu inatetemeka mfukoni. Mkwe: "Baba, imekuwaje?" Sijamjibu. Nimeuma ulimi, nisije nikawajibia kupitia ufa wa mlango.

Kiti kimeburuzwa. Ni mpishi, kikohozi chake nakijua. Anaanza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesimama mbele ya ubao:

"Mwalimu wetu ni m…?"

Ananyamaza. Anawaachia wenzake wamalizie.