Kadi Ulizozigeuza

Baba Kwandu,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako hapa makumbusho, maana hakuna wa kunifukuza.

Tangu tukuzike, makumbusho yetu yamepata sifa ambayo hukuiona. Ile kompyuta ya msaada uliyoifunika kitenge ukisema "iache ipumzike, imetoka mbali," imefanya kazi. Nilijifunza kwa vitabu viwili vya kuazima, kimoja hakina kurasa za mwisho, nikatengeneza kijiprogramu cha kupachika kwenye tovuti. Kinachukua kumbukumbu za kadi zako, yaani kitu, aliyekitoa, na maneno aliyosema akikitoa, halafu mtu yeyote duniani anazisoma. Nilipanda basi hadi Mwanza, kwenye ofisi yenye mtandao, disketi mfukoni. Maneno yako yalipotokea kwenye kioo, nikalia. Mhudumu akadhani nimepokea habari ya msiba. Sikumsahihisha, hakukosea sana.

Sasa nikwambie kosa langu.

Ulipolazwa nilipanga makabati. Nikakuta baadhi ya kadi zimewekwa kinyume, mgongo mbele. Nikacheka. Nikasema mzee macho yamemtupa mkono, hata uso wa kadi haujui. Nikazigeuza zote kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa, kisha nikaziingiza kwenye kompyuta. Nilikuja wodini na utani huo mdomoni. Ulikuwa umelala, na Mama Kwandu akanionyesha kwa kidole: mwache. Nikauweka utani wangu hadi siku nyingine.

Siku nyingine haikuja, Baba.

Mwezi uliopita alikuja Mama Shija wa Kishapu. Mwanawe ni mpishi kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu huko Geita, na kambini wana mtandao. Mtafiti mmoja akamwita aone mambo ya kwao. Kijana akasoma jina la babu yake, kigoda chao cha matambiko, na maneno ambayo ukoo wao huyasema wakiwa peke yao. Watu wanakunywa chai pembeni.

Mama Shija hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza tu, "Kwani mzee wenu hakukwambia? Baba mkwe alimpa kigoda kwa sharti. Mzee akamwonyesha kadi, akasema, hii naigeuza, atakayeikuta atajua si ya kila jicho."

Atakayeikuta. Niliikuta mimi.

Najua ulidhani nafahamu. Hukuwa mtu wa kueleza; nikikuuliza ulisema "angalia mikono yangu." Basi nikaangalia, miaka yote ile, na bado hili likanipita.

Kijiprogramu nimekipachua. Kadi ya Mama Shija nimeirudisha ulivyoiacha. Nyingine ulizozigeuza sizijui, Baba. Nazitandaza mezani, nazitazama mwandiko, nazinusa kama mbwa, zote zinafanana. Mara nageuka nikuulize, mdomo umeshafunguka, halafu nakumbuka. Ungekuwa umenijibu kwa neno moja na kunisema kwa maneno mia.

Wakubwa wa makumbusho wanataka kijiprogramu kirudi mtandaoni haraka, kuna wageni wanatarajiwa. Nimewaambia kimeharibika. Si uongo mkubwa. Kilichoharibika ni mimi.

Nakuahidi hivi. Nitazunguka kaya kwa kaya, kila jina lililo kwenye kadi zako, nikae chini, nisome kwa sauti ndogo mbele ya wenyewe. Wakisema ionyeshwe, itaonyeshwa. Wakisema igeuzwe, nitaigeuza, na safari hii nitamwambia anayekuja nyuma yangu kwa nini, kwa mdomo wangu, hata kama ataniona mzee wa maneno mengi. Huenda nisimalize zote. Nitaanza hivyohivyo.

Pumzika, Baba Kwandu. Nisamehe nilicheka.

Kesho naenda Kishapu. Mama Shija ametuma ujumbe kwamba nije, michembe ya viazi vikavu ipo, ila nisije na kompyuta.

Mwanao,
Maduhu