Jina Nililolihamisha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumaini mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima, uzima wenyewe wa kujikongoja. Mwanao Kasuku anakula kidogo. Yule tuliyekuwa tukimwomba apumue katikati ya maneno, siku hizi ukimwita anaitika tu, basi.

Umeniuliza kwa nini yeye amekosa shule ya bweni, ilhali mtoto wa jirani yako kaitwa na alama zake ni za chini. Mwalimu mkuu wenu amekwambia ni bahati. Si bahati, dada.

Nilipokuja kumchukua asomee hapa mwaka wa mwisho, nilikwambia huko mwalimu mmoja ana madarasa matatu na kitabu kinasomwa kwa zamu. Ulisema mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye ninayejua. Muda wa uhamisho ulikuwa umepita, lakini karani wa elimu si ndiye mimi? Nikalitoa jina lake kwenye orodha ya watahiniwa wa shule yenu, nikalitia kwenye ya mjini. Nikajiona mjanja kweli.

Kumbe serikali nayo ina lake. Mwaka huu kila shule ya pembezoni imetengewa nafasi zake za bweni. Hapa mjini Kasuku alishindanishwa na watoto waliokuwa na walimu kamili tangu darasa la kwanza, akawa wa arobaini. Kwenu angekuwa wa kwanza. Na shule za kutwa hapa zimejaa, nimezunguka zote.

Ningeweza kuishia hapo, ukaniona mjinga tu. Lakini waraka wa nafasi hizo ulifika mezani kwangu orodha ikiwa bado wazi. Nilikuwa na siku nne za kumrudisha. Ilitakiwa saini ya mkuu wangu, naye lazima angeuliza nani alimhamisha. Niliogopa kupoteza kazi, dada. Niliufungia waraka kwenye droo mpaka orodha ikafungwa, nikijidanganya kwamba mtoto ana akili, atapita popote.

Jana alinikuta naandika barua hii. Akaniomba nikuombee radhi kwa niaba yake, eti amekuangusha. Nimemwambia nitaandika, na sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi. Radhi yake ndiyo hiyo. Yangu sijui niiombe kwa mdomo gani.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniuliza.

Mdogo wako uliyemlea