Swichi Ilikuwa Kwangu

4 Machi

Baba,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi tu. Nimepata kazi ya pili uliyonihimiza: nikitoka kiwanda cha mbao alasiri, naosha vyombo hotelini hadi saa sita usiku. Jana nililala nimesimama, sahani mkononi. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Mwambie fundi wa paa ajiandae.
Mwanao

19 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ni uzee huo. Umenifurahisha. Usingizi haujamjengea mtu nyumba! Mimi nilifanya kazi mbili miaka tisa, na sikufa. Fundi ameshabomoa paa la zamani, usilegee.
Baba yako

30 Juni

Baba,
Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Natumai hamjambo, huku si kwema.
Kiwandani mimi ndiye mwasha msumeno. Mzee tunayemwita Randa husukuma magogo. Jumanne tulizima, akaingiza mkono kutoa kipande kilichonasa. Mimi nikasinzia, nikaegemea swichi. Ukelele wake ndio ulioniamsha. Vidole vinne, Baba, vya mkono wa kulia.
Msimamizi alipouliza, Randa akasema, "Ni uzembe wangu." Kwa neno hilo fidia hapati. Nifanyeje?
Mwanao

8 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Poleni. Ajali haina kinga. Lakini mwenyewe ameshasema, wewe wajichimbia kaburi la nini? Funga mdomo, fanya kazi zako. Vuli haiko mbali na mama yako analala chini ya turubai.
Baba yako

2 Agosti

Baba,
Shikamoo. Mwombe Mama radhi kwa ajili yangu.
Nilikwenda kumjulia hali Randa. Nikamuuliza kwa nini alinifichia kosa. Akasema, "Tangu Aprili nakuona unasinzia. Ningesema mapema, wangekufukuza. Nikakuonea huruma. Basi kosa ni langu pia."
Nilitoka pale moja kwa moja kwa msimamizi, nikasema kweli. Nimefukuzwa papo hapo. Hotelini nikaacha mwenyewe, nikalala siku mbili mfululizo. Nilipoamka nilikuwa na hasira nawe, Baba, na hadi leo haijaniisha.
Fidia itatoka, lakini wanasema ni baada ya miezi mingi. Kwa hiyo mke wa Randa, mshonaji, ameongeza kazi ya kufagia ofisi alfajiri. Nilimkuta jana amejiinamia kwenye cherehani, amefumba macho, sindano inakwenda.
Kila asubuhi naenda mimi kumfunga mumewe vifungo vya shati.
Mwanao